Je, mlinda amani lazima apigwe kwanza ndipo apige?

SWALI: Shikamoo. Kaka yangu ni askari, na kombania yao inajiandaa kwenda Kongo. Barazani kwetu Ngamiani, Tanga, wazee wanasema mwenye kofia ya bluu haruhusiwi kupiga mpaka apigwe, na kwamba kanuni hizo ndizo zinazowaua. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. La kwanza si kweli. La pili lina ukweli, ila si wote.

Kanuni za Umoja wa Mataifa humruhusu askari kujihami dhidi ya kitendo cha uadui na pia dhidi ya nia ya uadui. Hiyo "nia" ndiyo inayosahauliwa barazani. Mtu anayepita mbele ya lindo na bunduki begani, mtutu chini, bado hajaonyesha nia. Akipiga goti na kulielekezea lango kombora la RPG, ameshaionyesha, na mlinzi halazimiki kungoja litoke. Kwa kawaida kuna ngazi: kuonya kwa sauti, nguvu isiyoua, risasi ya onyo, kisha kupiga kwa kuua. Ngazi hizo huweza kurukwa pale kuchelewa kunapoweza kugharimu uhai.

Onyo hutolewa kwa lugha ya wenyeji, na mashariki mwa Kongo Mtanzania husema tu, "Simama, la sivyo napiga!" akaeleweka. Mwenzake wa Nepal inabidi akariri. Risasi ya onyo ndiyo yenye matata: usiku upande wa pili huidhani shambulio, na ikipigwa ovyo itatua kwenye bati la mtu.

Tatizo kubwa ni kusita. Kila askari hupewa kikadi cha kanuni. Kikisomwa darasani mara moja bila mazoezi ya lindo, saa nane za usiku hakimsaidii. Kamanda anayeogopa kuhojiwa baadaye huongeza masharti yake, na nchi nyingine huwa na makatazo yao ya pembeni, hata kamanda akapiga simu nyumbani kwanza huku lango likishambuliwa.

Wazee wana hoja kwa Rwanda. Tarehe 7 Aprili 1994, askari 10 wa Ubelgiji wa misheni ya Umoja wa Mataifa waliotumwa kumlinda Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana walisalimisha silaha, wakauawa. Misheni ile ilikuwa na mamlaka finyu na nguvu kidogo.

Lakini tazama Semuliki, mashariki mwa Kongo. Brigedi ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi ilipewa na azimio 2098 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la mwaka 2013, ruhusa ya kuyafuata makundi yenye silaha na kuyashambulia. Ruhusa pana kuliko hiyo ni nadra katika ulinzi wa amani. Hata hivyo, tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki ilivamiwa na Watanzania wasiopungua 14 wakauawa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa haukuishia kwa washambuliaji: ulikuta misheni haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kupeleka msaada na kuwatoa askari, ukataja kasoro za kamandi, na upungufu wa ndege, wahandisi na taarifa za kiintelijensia.

Kwa hiyo kaka yako, kabla ya zamu ya kwanza, amuulize kamanda wake: nani anaweza kuamuru kupiga redio ikikatika? Silaha nzito zinahitaji kibali cha nani? Vichaka mbele ya lindo vimefyekwa umbali gani? Na kambi ikishambuliwa usiku, nani atakuja, kwa barabara ipi, baada ya muda gani, na njia hiyo imejaribiwa lini gizani?