Re: Tumchague msanifu yupi arudishe uwanja wa Donald Ross?

Salama mkuu. Nimekusoma, kamati yenu ina wasanifu watatu mezani na kila mmoja anaapa atarudisha uwanja wenu wa gofu, uliobuniwa na msanifu wa zamani Donald Ross, ulivyokuwa, mmekwama. Kabla ya bei, muulizeni kila mmoja anategemea ushahidi gani. Pale Pinehurst No. 2, uwanja wa Ross huko North Carolina, Marekani, wasanifu Bill Coore na Ben Crenshaw walianza kuurudisha 2010, wakashika picha za angani za 1943 na bomba la zamani la maji lililopita katikati ya feawei (njia ya majani mafupi kuelekea shimo), wakajua upana wake wa mwanzo, wakang'oa majani ya pembeni mchanga ukarudi, na 2014 mashindano makubwa ya gofu ya US Open ya wanaume na ya wanawake zikachezwa hapo wiki mbili mfululizo.

Klabuni kwetu tulimchukua aliyekuja na michoro mizuri ya kompyuta, hakuchimba hata shimo moja la kukagua ardhi, tulipochimba wenyewe tukakuta ukingo wa grini (sehemu ya majani mafupi sana yenye shimo) ya zamani hatua nne nje ya tunapokata sasa, iliniuma sana. Nendeni kwenye uwanja ambao kila msanifu alimaliza miaka mitano nyuma, mwacheni mwenyekiti, ongeeni na fundi wa majani, muulizeni nani alikuwa saiti kila siku, msanifu mwenyewe au kijana wake.