Wosia wa shamba la chai Rungwe

Ndugu, umeuliza kama kuwatamkia watoto wosia wako mbele ya wazee wa ukoo kunatosha ili mkeo asije akanyang'anywa shamba la chai la Rungwe na nyumba ya Uyole. Wosia wa mdomo unatambulika, lakini hutegemea kumbukumbu na uaminifu wa mashahidi, na mashahidi nao hufa. Uandike. Kwa sheria ya kimila iliyotangazwa mwaka 1963, anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, na asiyejua wasiopungua wanne, wakiwamo wa ukoo na watu baki. Usimweke shahidi ambaye ni mrithi. Weka tarehe na sahihi, utaje kila mali na mipaka yake, kisha uuhifadhi RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini wa serikali, si chini ya godoro. Hata hivyo, kwa shamba mnalolima pamoja, mimi ningeanza na hati ya hakimiliki ya kimila, yaani hati ya kumiliki ardhi ya kijiji, yenye majina yenu wawili, kwa kuwa jina la mke lililokwisha kuandikwa kwenye hati ni gumu zaidi kwa mashemeji kulipinga kuliko maneno yaliyosemwa kikaoni. Kikao cha ukoo humpendekeza msimamizi wa mirathi, ila anayemteua ni mahakama.