Mfanyakazi bora wa mwezi aligeuka kuwa zamu ya kupokezana

Mkuu, umesema una watu 14 chini yako, bosi amekupa fungu dogo la "kuwafurahisha", na unayumba kati ya fulana zenye nembo ya kampuni, tuzo ya mfanyakazi bora wa mwezi na sherehe ya mwisho wa mwaka. Nimesimamia zamu ghalani miaka 11 na hayo yote matatu nimeyafanya. Sherehe ilipita vizuri ikasahaulika. Fulana zilikuja saizi moja. Tuzo ndiyo iliyoniumbua, ngoja nianze na hiyo.

Mwezi wa kwanza alipata anayestahili, hakuna aliyebisha. Wa pili vilevile. Mwezi wa tatu nikajikuta nawaza, huyu nikimpa tena watasema nampendelea, nikampa mwingine. Kuanzia hapo nikawa natafuta nani bado hajapata, halafu sababu naitunga baadaye. Mwezi wa saba nilikuwa napita nyuma ya rafu nikasikia mtu anawauliza wenzake, "Mwezi huu ni zamu ya nani kuwa bora?" Wakaangua kicheko. Picha ya mshindi ilikaa ukutani miezi miwili zaidi, nikaitoa siku ya kupaka rangi na sikuirudisha. Hakuna aliyeiulizia.

Kupokezana ilikuwa aibu ndogo. Aibu kubwa ni yule ambaye picha yake haikuwahi kukaa pale. Tuzo za aina hii humwangukia anayeonekana: anayepakia haraka, anayepiga soga na madereva, anayejitolea bosi akiwa jirani. Anayezuia matatizo hana cha kuonyesha, maana akifanya kazi yake sawasawa hakuna kinachotokea.

Tulikuwa na dada mmoja wa kumbukumbu za stoo. Kila jioni aliniletea karatasi ya tofauti: kilichoandikwa kwenye mfumo, kilichohesabiwa kwenye rafu, na pembeni safu ya maelezo. Kwenye maelezo ndiko kulikuwa na akili yake. "Paleti 2 zilipelekwa D badala ya B, lebo zinafanana, nimezihamisha." Mimi nilikuwa natazama jumla ya chini, nasaini, natia kwenye faili. Miaka miwili na ushee hivyo hivyo.

Siku alipoleta barua ya kuacha kazi nikamuuliza kama tatizo ni mshahara. Akasema anakokwenda mshahara ni uleule. Kisha akachukua faili kutoka mezani kwangu, akafunua kurasa nyingi kurudi nyuma, akaweka kidole kwenye safu ya maelezo. Tupu. Ukurasa uliofuata, tupu. "Niliacha kujaza hapa miezi saba iliyopita, bosi. Nikawa nasema kesho ataniuliza." Saini yangu ilikuwa chini ya kila ukurasa.

Hakuwa na hasira hata kidogo. Angenigombeza ingekuwa afadhali.

Baadaye nilikutana na jaribio ambalo lilinirudisha kwenye lile faili. Mwaka 2008 mtafiti wa tabia za watu Dan Ariely na wenzake wawili walichapisha utafiti ambamo watu walilipwa kutafuta jozi za herufi kwenye karatasi, na kila karatasi mpya ililipa pungufu ya iliyotangulia, mpaka mtu aseme basi. Kundi moja lilirudisha karatasi, msimamizi akazitupia jicho na kuzihifadhi. Kundi la pili, msimamizi alizipokea akaziweka kwenye rundo bila kuzitazama. Kundi la tatu, alizitia kwenye mashine ya kuchana karatasi mbele ya macho yao. Waliochaniwa waliacha mapema, hilo unalitegemea. Kilichonichoma ni kwamba waliopuuzwa tu nao waliacha mapema karibu sawa na waliochaniwa. Kwa hiyo mimi, na saini zangu zote zile, nilikuwa mashine ya kuchana karatasi.

Nikaanza upya na kidaftari cha mfukoni. Nikizunguka ghalani naandika nilichokiona: nani, alifanya nini, kilisaidia nini. Siku ileile au kesho yake namwambia mhusika, kwa ufupi, palepale alipo. "Jana ulimrudisha dereva kwa sababu namba za bechi hazikulingana na hati. Ungepokea, leo tungekuwa tunafungua maboksi yote." Basi, naondoka. Usibaki umesimama unasubiri akushukuru kwa kumshukuru.

Mwanzoni ilikuwa vichekesho. Mzee wetu wa foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, nilimwambia kwamba nimeona anavyopiga honi mara mbili kila kona hata ghala likiwa tupu, na kwamba vijana wapya wameanza kumuiga. Akazima injini. Akanitazama. "Kuna nini? Mnapunguza watu?" Miaka yote hiyo msimamizi kumfuata mtu kwenye foklifti kulimaanisha habari mbaya. Ilichukua wiki kadhaa watu wazoee kwamba nikija sijaleta balaa.

Nilijifunza pia kwamba si kila mtu anataka kusifiwa mbele ya wenzake. Kijana mmoja nilimtaja kwenye kikao cha asubuhi, mchana akanifuata: "Naomba usinifanyie tena vile, leo nimetaniwa siku nzima." Sasa mtu akiajiriwa namuuliza mapema anapenda aambiwe vipi. Wengine husema "niambie tu", mmoja aliomba nimwandikie, maana anataka kubaki na karatasi.

Ile ya "asanteni nyote kwa kujituma" kwenye kundi la ujumbe, achana nayo. Aliyefanya na asiyefanya wanaipata sawa, na aliyefanya anajua hilo.

Kuna shukrani mbaya kuliko kunyamaza, na wasimamizi wengi tunaifanya bila kujua: kumwongezea kazi anayemaliza mapema. Mtu ana mikono mizuri, saa nane kamaliza rafu zake, tunamwambia "wewe ni mchapakazi, hebu kamsaidie fulani". Kesho yake tena. Nilikuwa nafanya hivyo nikidhani namwonyesha kwamba namwamini. Mmoja akaniambia kwa utani wenye ukweli ndani yake: shukrani ya punda mateke. Tangu siku ile anayemaliza mapema huchagua mwenyewe: kumfundisha mgeni, kupanga kitu alichokuwa anakitamani siku nyingi, au kuondoka nusu saa kabla ya wenzake. Wengi huondoka. Na uharaka uliokuwa umejificha ukajitokeza, maana kumbe walikuwa wanapunguza mwendo kwa makusudi.

Sasa suala la fedha, najua kuna mtu atasema hapa kwamba maneno hayalipi kodi ya nyumba. Ni kweli. Kuna kipindi malipo ya ovataimu yalichelewa miezi miwili, na mimi na kidaftari changu nikaendelea kusema asante. Walinitazama kama mtu anayepaka rangi nyumba isiyo na paa. Mwanasaikolojia Frederick Herzberg na wenzake mwaka 1959 walitoa matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa Pittsburgh, Marekani. Mambo yaliyowaudhi watu yalikuwa hasa ya sera za kampuni, usimamizi na mengine yanayoizunguka kazi. Yaliyowapa furaha yalikuwa kufanikisha jambo, kutambuliwa, na kazi yenyewe. Wamempinga kwa haki kwamba mtu akisimulia, mazuri hujisifia na mabaya humtupia mwajiri. Ila kwa niliyoyaona ghalani, ukiondoa kinachoudhi hujapata furaha bado, na ukileta sifa huku kinachoudhi kipo, unaongeza hasira. Kama kuna deni la malipo, peleka nguvu zako zote huko kwanza. Kidaftari kitasubiri.

Umesema bosi wako hashuki kwa watu. Mlete, dakika tano zinatosha, lakini mpe mambo mawili mahususi ya kusema, asije akatoa hotuba. Watafiti Adam Grant na Francesca Gino walichapisha mwaka 2010 jaribio la watu wanaopiga simu kuchangisha fedha za chuo kikuu, wenye mshahara usiobadilika. Mkurugenzi alilitembelea kundi moja tu, akawashukuru kwa kazi yao. Wiki iliyofuata kundi hilo liliongeza simu kwa zaidi ya nusu, na lile ambalo halikutembelewa lilibaki palepale. Maelezo ya watafiti ni kwamba walijiona wana thamani kwa wengine. Hawakujiona hodari zaidi ya jana. Usimweleze bosi wako sehemu ya kuongezeka kwa simu. Atakuja kila Jumatatu na mwezi wa pili watakuwa wanajificha chooni.

Kuhusu lile fungu ulilopewa, ushauri wangu ni usinunue zawadi. Waulize watu wako kitu gani kinawachosha kila siku na kinaweza kutengenezwa kwa hela hiyo, halafu katengeneze, haraka, wakiwa bado wanakumbuka walikwambia. Niliuliza nikitegemea kusikia skana mpya au viti. Karibu wote wakataja matoroli. Tulikuwa nayo tisa, na matano yalikuwa na magurudumu yaliyolika upande, ukisukuma linavuta kushoto, unalipigania mpaka mwisho wa zamu kiuno kinauma. Ndiyo maana watu walikuwa wanafika dakika ishirini kabla ya muda. Miaka yote nilidhani ni nidhamu, kumbe wanawahi matoroli mazima.

Tukabadilisha magurudumu ya yote tisa, nikabakiwa na chenji. Asubuhi ile hakuna aliyesema asante na wala sikuitegemea. Yule mzee wa foklifti, ambaye toroli halimhusu kabisa, alishuka, akalisukuma moja kwa kidole kimoja hadi mlango wa nyuma, likaenda limenyooka, akarudi nalo, akalipaki, akapanda akawasha injini.