Jibu: Kioo cha boti kimepasuka, naweza kuweka plastiki?

Mkuu, umeuliza kama inafaa kutoa kioo cha mbele kilichopasuka uweke shiti ya plastiki, na uchukue ipi kati ya akriliki na polikaboneti, ambazo ni aina mbili za plastiki angavu. Inafaa kabisa. Mi ningechukua akriliki ya milimita 6 maana inavumilia jua na haichubuki haraka, polikaboneti ni ngumu sana kuvunjika ila inakwaruzika kirahisi na kama haina koti la kuzuia mionzi ya jua inageuka njano, ukipata yenye koti upande mmoja basi huo upande ndo uangalie nje.

Kile cha zamani usitupe, kibandike selotepu kwenye nyufa ukilaze juu ya shiti uchore kukifuata. Nailoni inayofunika shiti mpya iache mpaka umalize.

Kwenye kutoboa ndo wengi wanaharibu. Weka ubao chini, drili iende taratibu bila kukandamiza, na tundu liwe kubwa kuliko skrubu kwa milimita 2 hivi, kwa sababu plastiki inatanuka kwa joto, shiti ya mita 1 joto likipanda nyuzi 30 inaongezeka kama milimita 2, ikikosa nafasi inapasuka palepale kwenye tundu. Tumia skrubu zenye kichwa bapa kwa chini na washa za mpira, usikaze kwa nguvu kabisa tafadhali. Silikoni ya kuzibia iwe isiyo na harufu ya siki.

Kusafisha ni maji na sabuni tu, petroli na tina ya rangi zinaua akriliki.