Jibu: Uhaba wa miaka ya 1980 ulitokana na Vita vya Kagera peke yake?

Ndugu yangu, salaam. Umeuliza kwa nini wazee wanaposimulia uhaba wa bidhaa mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapa Tanzania hulaumu Vita vya Kagera na serikali kwa pamoja.

Anza kwa kutazama tarehe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, Idi Amin, mtawala wa Uganda, akavamia Kagera mwishoni mwa 1978, bei ya mafuta ikapanda 1979; vita vilikuta hazina ikiyumba tayari. Mwalimu Nyerere, rais wetu, alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18, nasi tukakubali, maana adui tulimwona. Kilichotuudhi ni kilichofuata. Mwaka 1982 nilipanga foleni tangu alfajiri kwenye duka la kaya, lile la kugawia kila kaya bidhaa kwa mgao, nikaondoka na nusu mche wa sabuni uliokatwa kwa uzi, ilhali sukari tuliyoambiwa imekwisha ilikuwa ikitoka jioni kwa mlango wa nyuma, kwa bei ya ulanguzi. Ndiyo maana wengi walishangilia msako wa wahujumu uchumi, yaani walioshutumiwa kuficha na kulangua bidhaa, wa 1983 chini ya Waziri Mkuu Sokoine, ingawa uliwakumba hata wenye viduka vya mtaani.

Mzee akilalamikia vita, mwulize kwanza kama anasema miezi ile 18 au miaka iliyofuata.