Mwalimu anasema mwanangu amezubaa

SWALI: Mwanangu wa miaka mitano yuko chekechea. Hupenda kukaa pembeni akitazama kitu kimoja kwa muda mrefu, na mwalimu wake ameniambia kwamba amezubaa na hataweza kwenda sambamba na wenzake. Malezi ya dini anayapata nyumbani. Je, shule nayo ina wajibu wowote kwa roho ya mtoto, au kazi yake ni kusoma, kuandika na kuhesabu tu?
Mama, Morogoro

JIBU: Wajibu huo upo, mama, wala hauishii kwenye kipindi cha dini. Daktari Maria Montessori, Mwitalia aliyefungua shule ya watoto wadogo iitwayo Nyumba ya Watoto katika mtaa wa makabwela wa San Lorenzo, Roma, tarehe 6 Januari 1907, alimwona huko binti wa miaka kama mitatu akitumbukiza vipande vya mbao katika matundu yake, akivitoa na kuvirudishia tena. Aliwaambia watoto wengine waimbe, kisha akamwinua binti huyo pamoja na kiti chake na kumweka juu ya meza. Binti akavikumbatia vipande vyake mapajani na kuendelea. Alirudia zaidi ya mara 40, akaacha kwa hiari yake, uso ukiwa umechangamka. Montessori aliona hapo nafsi ya mtoto ikijijenga, nami naamini hivyo kwa moyo wote: mtoto aliyezama katika jambo jema asikatizwe, hata kwa kusifiwa.

Shuleni kwake pia lilizaliwa zoezi la kimya, ambalo watoto hutulia kabisa, kisha mwalimu, akiwa amesimama nje ya mlango, huwaita mmoja mmoja kwa jina na kwa sauti ya kunong'ona. Zoezi hili halihitaji vifaa, na hata darasa lililofurika linaliweza. Mtoto anayesubiri jina lake namna hiyo hujua kwamba anatambuliwa, jambo ambalo neno "amezubaa" humnyang'anya.

Kwanza mpeleke akapimwe macho na masikio, maana mtoto asiyesikia vizuri naye hudhaniwa hivyo. Akiwa mzima, zungumza na mwalimu kwa heshima. Mwombe amwachie mwanao muda wa kumaliza anachokitazama, kisha amuulize ameona nini.