Mti Niliolilia Chini Yake

Mama tulimzika Murang'a Jumamosi moja ya Agosti. Kufikia Jumatano nilikuwa nimerudi kazini Nairobi. Wakati wa matanga nyumba ilijaa: kina mama wa kanisa jikoni, vijana wakipanga viti, simu za rambirambi hadi usiku wa manane. Kisha turubai likashushwa, kila mtu akashika njia yake. Hapo ndipo msiba uliponianza. Nikipewa pole nilijibu "nimeshapoa", na sikuwa nimepoa.

Asubuhi moja nilifika kwenye mlango wa ofisi nikashindwa kuingia. Nikatembea tu, hadi Arboretum, bustani ya miti ya Nairobi, nikalipa kiingilio. Bustani hiyo ilianzishwa mwaka 1907, kujaribu miti inayokua upesi kwa sababu reli ilihitaji kuni za treni. Miti mingi ina vibao vya majina. Tulipokuwa wadogo, mama alikuwa akitutajia kila mti njiani kwenda mtoni: muringa, mukoigo, mugumo. Nilisoma kibao cha kwanza kwa sauti, nikasoma cha pili, kwenye cha tatu nikalia. Hakuna aliyegeuka kunitazama, na hakuna aliyenihimiza nijikaze. Sikujua kwamba hicho ndicho nilichokuwa nakihitaji.

Kwa hivyo wewe uliyefiwa, nakusihi utafute mti mmoja na uwe unarudi kwa huohuo. Usizunguke bustani nzima. Ukikaa mahali pamoja nusu saa, macho yanaanza kuona: siafu wakipanda gome, jani likianguka, mwanga ukihama. Mawazo ya hospitali na jeneza yatakuja pia. Yaache yaje, usiyafukuze. Mimi huzima simu. Nenda asubuhi siku ya kazi, maana Jumapili pana kelele za sherehe. Kaa mahali watu wanapopita, si vichakani. Beba leso na maji, chakula ukiache nyumbani, kwani tumbili wa pale hupokonya.

Kama huwezi kutulia, nenda Karura ukatembee. Msitu huo, ambao Wangari Maathai aliupigania hadi akapigwa mwaka 1999, una zaidi ya hekta 1,000, na miguu ikichoka kifua nacho hulegea.

Lakini ukiona usingizi na chakula vimekukataa wiki baada ya wiki, au unatamani kumfuata marehemu, usiutegemee mti peke yake. Mwambie mtu leo, umwone mshauri nasaha au daktari. Mimi nilimwona mshauri miezi minne, na Arboretum niliendelea kwenda.

Jumanne iliyopita nilitandika leso ya mama pale chini, nikajaribu kuitaja miti yake yote. Mmoja ulinipotea: una gome jeusi lenye mikwaruzo, na jani lake ukilifikicha linanukia lozi. Nikawasha simu, nikampigia mama mdogo.

"Huo ni muiri," akasema. Kisha akanyamaza kidogo, akaniuliza kama bado nakumbuka ule uliokuwa pale kwenye kivuko.

Tuliongea hadi salio likaisha.